Jinsi ya kuikagua shule ya msingi ya Kanisa Katoliki kabla hujalipa ada

Wazazi wengi wa Tanzania tukisikia shule ni ya masista au ya parokia tunalegea kabisa, nidhamu ipo, sala ipo, matokeo yapo, tunakimbilia kujaza fomu. Usilegee. Jina zuri walilijenga wamisionari tangu kabla ya uhuru ila atakayemfundisha mwanao ni mwalimu aliyepo leo.

Anzia nyumbani na simu yako. Ingia tovuti ya NECTA, yani Baraza la Mitihani, fungua matokeo ya darasa la saba, tafuta mkoa, wilaya, jina la shule. Pale juu utaona idadi ya waliofanya mtihani na wastani wa shule, masomo sita kila moja alama 50 kwa hiyo jumla ni 300, na shule ikiwa na wastani wa 240 au 250 kila mtu anashangilia. Sawa, shangilia, lakini fungua na matokeo ya darasa la nne ya miaka mitatu nyuma, yani kama unaangalia la saba la 2025 basi kaangalie la nne la 2022, hao ni watoto walewale. Linganisha idadi. Tuseme la nne walikuwa 60 na la saba wamefanya 38, hao 22 wako wapi? Wanaohama wapo, wazazi wanahamishwa kikazi, ada inawashinda wengine, na kuna wanaorudia darasa, ila wanaorudia wanaingia pia kutoka mwaka wa nyuma kwa hiyo namba haitakiwi kuporomoka hivyo kila mwaka. Ukiona inaporomoka mfululizo, ujue inawezekana kabisa wenye alama ndogo wanaambiwa watafute shule nyingine ili wastani upendeze. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu shule inayosema inafuata Injili halafu inamtoa mtoto dhaifu mlangoni, mimi sioni inafuata nini. Na kesho anaweza kuwa wako.

Ukishapata hizo namba ndio uende shuleni. Nenda siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano asubuhi, sio siku ya mahafali wala kikao cha wazazi ambapo kila kitu kimepigwa deki. Omba kumuona mwalimu mkuu, muulize shule ni ya nani hasa, ya jimbo, ya parokia au ya shirika la watawa, na meneja ni nani, maana siku ukiwa na malalamiko lazima ujue yanaishia kwa nani. Muulize namba ya usajili. Muulize wathibiti ubora wa shule, yani wakaguzi wa serikali, walikuja lini mara ya mwisho na waliagiza nini kirekebishwe. Ripoti yao huwa inabaki shuleni, mkuu anayejiamini atakwambia hata mapungufu.

Halafu omba kuona madaftari ya hisabati ya darasa la tatu, na usikubali kuletewa la mtoto anayeongoza, omba matatu manne ya katikati na ya mwisho. Angalia tarehe, kuna kazi kila siku au wiki nzima imerukwa? Angalia tiki, je mwalimu ametia tiki tu au pale alipokosea mtoto kuna masahihisho na yamepitiwa tena? Daftari safi lisilo na kosa hata moja linanitia wasiwasi zaidi, hapo watoto wananakili ubaoni. Ukiruhusiwa kukaa na mtoto wa la pili mpe kitabu ambacho hajakizoea asome mstari, kisha muulize kasoma nini, hasa kama ni ingilishi midiamu, wengi wanasoma kama redio ila ukiuliza maana kimya.

Walimu: uliza wangapi wameondoka mwaka jana. Ajira za serikali zikitangazwa shule binafsi zinakimbiwa, hilo linaeleweka, cha kuuliza ni nani alishika yale madarasa na kwa muda gani.

Fimbo usione aibu kuuliza. Kanuni zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na iandikwe kwenye daftari maalum. Ukipita dirishani ukaona kila mwalimu ana fimbo yake mkononi basi jibu umeshalipata. Bweni pia, tangu waraka wa serikali wa 2023 watoto wa chini ya darasa la tano hawatakiwi kulala shule bila kibali, kwa hiyo ukiambiwa mtoto wa la pili anapokelewa bweni omba kukiona hicho kibali.

Vyoo ingia mwenyewe. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, hesabu, na uangalie kama maji yapo.

Kama nyie sio Wakatoliki, au ni Waislamu, uliza mapema mtoto atafanya nini wakati wa misa na kipindi cha dini, mpate jibu kwa maandishi. Na pesa ni hivyohivyo, mwambie mhasibu akuandikie ada pamoja na uji, basi, remedio (masomo ya ziada), sare na kambi ya la saba kwenye karatasi moja yenye muhuri, kabla hujaenda benki.