SOMO: Kupata TAS kwa kutumia kipima spidi cha ndege

Swali hili la namna ya kupata TAS, yaani spidi halisi ya ndege ndani ya hewa, linarudi kila mara, na majibu nusunusu yanazidi kuwachanganya wanafunzi. Naliandika lote hapa, likiulizwa tena tuelekezane huku.

Kipima spidi kinapokea migandamizo miwili, wa bomba la pito linalokabili hewa na wa tundu la statiki ubavuni. Tofauti yake ndiyo inayosukuma mshale. Uso wake umechorwa kwa hewa ya usawa wa bahari: hektopaskali 1013.25, nyuzi 15 za Selsiasi. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi, kwa hiyo ndege inakwenda kasi kuliko mshale unavyosema.

1. Tuliza ndege: mwinuko mmoja, pawa moja, mpira wa kifaa cha kugeuka ukae katikati (ndege isiteleze ubavu). Soma IAS, yaani spidi inayoonyeshwa na mshale. Hakikisha ni duara la noti (maili za baharini kwa saa). Baadhi ya ndege za zamani zina la maili pia.

2. Igeuze kuwa CAS (IAS iliyosahihishwa makosa ya kifaa na ya mahali matundu yalipo) kwa jedwali la kitabu cha ndege, ukifuata flapu (vibao vya nyuma ya bawa) zilivyo.

3. Tafuta mwinuko wa mgandamizo. Hapa ndipo watu wanaharibu. Unaotakiwa ni mwinuko ambao altimita (kipima mwinuko) ingeonyesha ikiwa imewekwa 1013, siyo huo unaousoma kwa QNH (mgandamizo wa eneo lako uliokokotolewa hadi usawa wa bahari). Wengi hufundishwa kuzungusha kitufe hadi 1013, kusoma, halafu kukirudisha. Hatari iko kwenye kukirudisha. QNH ikiwa 1003 nawe ukasahau, altimita inakuambia uko juu kwa takriban futi 270 kuliko ulipo kweli, na hilo utalibeba hadi kwenye kushuka. Usikiguse. Chukua 1013, toa QNH, zidisha kwa 27, jumlisha kwenye futi unazosoma. Mfano: altimita futi 7,730, QNH 1003, unapata 7,730 + 270 = 8,000. QNH ikizidi 1013 jibu la kutoa ni hasi, kwa hiyo futi zinapungua. Na kumbuka: kukosea hektopaskali 10 kunaisogeza TAS kwa takriban nusu asilimia tu. Nusu asilimia haistahili kuacha altimita inadanganya.

4. Soma joto la nje. Kosa la nyuzi 10 ni karibu asilimia 1.8 ya TAS, kwa hiyo joto linataka umakini kuliko QNH. Kipimajoto kilichopigwa jua chini kinachelewa kupoa. Baada ya kupanda kipe dakika kadhaa.

5. Hesabu:

TAS = CAS × √[(1013.25 ÷ p) × (T ÷ 288.15)]

T ni joto kwa Kelvini (Selsiasi + 273.15). p ni mgandamizo wa mwinuko wako: 1013.25 × (1 − 0.0000068756 × futi)^5.2559. Kwa futi 8,000, p ni 752.6. CAS ikiwa 110 na joto nyuzi 10, TAS ni noti 126.5.

6. Kama kipima spidi chako kina pete ya TAS, zungusha kitufe chake mpaka mwinuko wa mgandamizo ulingane na joto kwenye kidirisha, kisha soma pete pale mshale ulipo. Pete haijui makosa ya hatua ya 2; hayo unayasahihisha mwenyewe.

---

Swali: Mkuu, fomula yako haifanyi kazi. Nimepata noti 24.

Jibu: Umeingiza T = 10. Ni 283.15. Rudia hatua ya 5.

Swali: Si nisome GPS tu?

Jibu: GPS inatoa spidi ya ardhini, upepo ukiwemo. TAS ni spidi ndani ya hewa.

Swali: Kanuni ya asilimia 2 kwa kila futi 1,000 haitoshi?

Jibu: Kwa makadirio inatosha. Kwenye mfano wetu inatoa 127.6, umezidisha noti moja. Lakini joto likiwa hasi 10, TAS halisi ni 122, na kanuni bado inakupa 127.6. Kwenye safari ndefu hizo noti 5 zinavuruga hesabu ya mafuta.

Swali: Kwa hiyo uwanja ukiwa juu, niongeze spidi ya kutua?

Jibu: HAPANA. Ruka IAS ileile ya kitabu. Bawa na bomba la pito vinahisi mgandamizo uleule, ndiyo maana IAS ya kustoli (bawa kupoteza nguvu ya kuinua) haibadiliki kwa sababu ya mwinuko. Kinachobadilika ni barabara utakayoila: katika hewa ya mfano wetu, IAS ya 65 ni TAS karibu 75, na nishati ya kumaliza kwa breki ni zaidi kwa takriban asilimia 32.

Swali: Naweza kuhakiki TAS yangu kwa GPS, mwalimu? Natamani kujua kama jedwali la ndege yetu bado ni sahihi.

Jibu: Swali zuri sana. Chagua asubuhi tulivu. Ruka kaskazini, mashariki, kusini, magharibi kwa uelekeo wa pua, siyo wa njia ya ardhini. Mwinuko, pawa na IAS visibadilike. Kila upande subiri GPS itulie, andika. Wastani wa nne ni TAS yako, ukizidi kidogo: upepo wa noti 20 kwenye TAS ya 126 unaongeza noti 0.8. Ikitofautiana na hesabu kwa noti 4 au 5, kagua kipimajoto kwanza, halafu uvujaji kwenye mirija ya statiki.

Mchango: Mkague na vali ya statiki ya akiba. Ikiwa wazi bila kujua, hewa ya ndani ya ndege isiyojazwa hewa kwa kawaida ina mgandamizo mdogo kidogo kuliko wa nje, hivyo IAS na altimita vyote vinasoma juu.

Jibu: Kweli kabisa. Ifungeni kabla ya kuanza jaribio la pande nne.