Tofali la udongo wa Newala: jinsi ya kulipima na kikundi cha wanafunzi

Tofali hili ni la udongo na saruji kidogo, halichomwi. Mwanafunzi wa ujenzi akiachwa peke yake atakuletea tofali gumu ambalo hakuna mtu kijijini atalimudu. Changanyeni vichwa: mmoja wa ujenzi, mmoja wa kemia, mmoja wa uchumi. Wakizidi sita, wengine wanaishia kuchezea simu.

1. Udongo. Chimbeni kina cha nusu mita, mizizi na weusi viishe. Jazeni theluthi ya chupa, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni, muiache hadi kesho. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, mfinyanzi hukaa juu kabisa. Pimeni kila tabaka kwa rula.

2. Kisanduku. Kiwe na urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4. Kipakeni oili chafu, mkijaze udongo uliolowa, mkianike kivulini siku 7. Sukumeni udongo upande mmoja mpime pengo. Likiwa kubwa, mfinyanzi umezidi. Ongezeni mchanga kabla ya kukimbilia saruji.

3. Kuchanganya. Jaribuni ndoo moja ya saruji kwa 10, 14 na 18 za udongo. Ndoo iwe ileile, ikwanguliwe juu. Changanyeni vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo mnyunyize maji. Hapa ndipo wengi huharibu. Finyanga donge kiganjani, liachie kutoka usawa wa kifua. Likisambaratika kama unga, maji hayatoshi. Likibonyea kama ugali, yamezidi. Likivunjika vipande vinne vitano, fyatueni hapohapo, saruji haisubiri.

4. Kumwagilia. Siku 7, chini ya turubai. Andikeni namba kwenye kila tofali kabla halijakauka.

5. Kuponda. Siku ya 28, pondeni matofali mpime nguvu yake, nusu yakiwa makavu, nusu yakiwa yamelowekwa saa 24. Nguvu ya yaliyolowekwa ndiyo ya kuamini, maana masika hayabishi hodi.

6. Hesabu. Kikundi kimoja nilichokisimamia kilileta jedwali safi: saruji, nauli, ujira wa fundi, hata kuni ambazo tofali la kuchoma lingekula. Tukampelekea mama mwenye kiwanja. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na maji mlinunua dumu shilingi ngapi, wanangu?"

Kimya. Walikuwa wameteka bure kwenye tenki la chuo. Saruji tunatengenezewa hapahapa Mtwara, kiwanda cha Dangote kipo. Lakini huku juu kwenye uwanda wa Makonde, maji yako chini mno, na kiangazi dumu la lita 20 ni fedha. Ikabidi warudie kazi nzima wakihesabu madumu: ya kuchanganya, ya kumwagilia, hata ya kunawa. Yule wa kemia akafunika matofali yake kwa nailoni, yakabaki na unyevu kwa maji machache kuliko ya wenzake.

Daftari letu la sasa lina safu ya dumu kabla ya safu ya mfuko wa saruji.