Somo: Kuchagua vifaa vya kompyuta ya kwanza ya kuhariri video, ukianzia kwenye kamera yako

Wakuu, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Nina pesa kiasi fulani, ninunue kadi gani ya grafiki nianze kuhariri harusi?" Nami huwa nauliza kwanza: unapiga kwa kamera gani, na inatoa faili za aina gani? Wengine hudhani nawazungusha. Siwazungushi. Kosa hili lilinigharimu akiba ya mwaka mzima.

Kompyuta yangu ya kwanza ya kazi ilikuwa mtumba wa ofisini ulioingizwa kutoka nje: prosesa ya Xeon yenye kori 12 (vitengo vya kufanyia kazi), RAM GB 32, na kadi ya RTX 3060 niliyoongeza mwenyewe. Muuzaji alinihakikishia hakuna kazi itakayoishinda. Send-off ya kwanza niliyoipiga kwa Sony A7 IV ikakwama. Nikigusa klipu, picha inasimama huku sauti inaendelea. Prosesa iko asilimia 100, kadi imetulia kama haihusiki.

Sababu ni hii. Kamera za sasa hubana video kwa H.264 au H.265, ambazo ni kodeki, yaani njia za kubana na kufungua video. Ndani ya faili, fremu chache tu huhifadhiwa nzima. Zilizobaki huandikwa kama mabadiliko ya fremu za jirani. Ukitaka kuona fremu moja katikati ya klipu, kompyuta inalazimika kufungua na za jirani kwanza. Kazi hiyo huwa nyepesi sana kama chipu ina sehemu maalumu ya kufungulia kodeki hiyo. Isipokuwepo, kori za kawaida hubeba mzigo wote. Xeon ile haikuwa na sehemu hiyo kabisa, na RTX 3060 hufungua 4:2:0 lakini haifungui 4:2:2 (hizi ni namna za kuhifadhi rangi; 4:2:2 hubeba rangi nyingi zaidi), ambayo ndiyo niliyokuwa nimerekodi.

HATUA YA 1: Zijue faili zako

Pakua MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili za video, ni ya bure. Buruta klipu moja ndani yake, kisha andika mambo matatu: kodeki (AVC ndiyo H.264, HEVC ndiyo H.265), mgawanyo wa rangi (4:2:0 au 4:2:2), na biti za rangi (8 au 10). Bila majibu haya usiende dukani.

HATUA YA 2: Prosesa

Kama faili ni H.265 ya 4:2:2 biti 10, Intel ya kizazi cha 11 kuendelea yenye grafiki ya ndani huifungua vizuri. Core i5-12400, kori 6 na nyuzi 12 (mafungu ya kazi inayoendesha kwa wakati mmoja), ni mwanzo mzuri mno kwa bei yake. Soma herufi ya mwisho kwa makini: i5-12400F haina grafiki ya ndani, kwa hiyo sehemu ya kufungulia video nayo haipo. Herufi moja, na kompyuta inakuwa nyingine.

Angalizo kwa wenye H.264 ya 4:2:2: hiyo Intel haikusaidii. Ama badili mpangilio wa kamera urekodi H.265, ama tafuta kadi ya RTX mfululizo wa 50, ambayo hufungua zote mbili. Ryzen za AMD zina nguvu nzuri ya kurenda (kutoa video iliyokamilika), lakini grafiki zake hazifungui 4:2:2. Kama faili zako ni 4:2:0, chukua Ryzen bila wasiwasi.

HATUA YA 3: Madabodi na RAM

Hapa sitakaa sana. Madabodi za soketi LGA1700 zipo za DDR4 na za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine, basi hakikisha kabla ya kulipa. RAM GB 32 ndiyo ningeshauri kwa 4K. GB 16 utaanza nayo ila utafunga vivinjari vyote. Nunua vijiti viwili, si kimoja, ili vifanye kazi sambamba.

HATUA YA 4: Diski

Piga hesabu. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kamera mbili, saa tano za shughuli: GB 450. SSD ya GB 512 inakaribia kujaa kwa harusi moja, na hapo hujaweka hata programu.

Mpango wangu: NVMe (SSD ya kasi kubwa) ndogo ya mfumo na programu, NVMe ya TB 1 au 2 ya kazi inayoendelea, kisha hadidiski kubwa ya kuhifadhia kazi zilizokwisha. Hadidiski ina kasi ya kutosha kusoma klipu moja, lakini taimulaini yenye klipu nyingi huirusha huku na huku, ndipo inapochoka. Nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine kabisa, ikiwezekana nyumba nyingine. Harusi ya mtu hairudiwi.

HATUA YA 5: Kadi ya grafiki

Sasa ndiyo zamu yake. Kadi inabeba kusahihisha rangi, kuondoa chengachenga za usiku, athari na sehemu ya kurenda. Kwa programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ina uzito mkubwa kuliko kwa Premiere. RTX 3060 ya GB 12 bado inafaa sana kwa kuanzia. Ukiifunga pamoja na Intel yenye grafiki ya ndani, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi kabla kompyuta haijawaka kikamilifu) uhakikishe grafiki ya ndani haijazimwa. Madabodi nyingi huizima zenyewe zikiona kadi. Nimeona watu wakilalamikia prosesa nzuri kumbe ni swichi hiyo tu.

HATUA YA 6: Umeme na joto

Hapa ndipo wengi wetu tunabania. i5-12400 hufika wati 117, RTX 3060 wati 170. Ongeza diski, feni na madabodi. Pawa saplai ya wati 550 ya kampuni inayoaminika inatosha na kubaki. Zile za bei ya kutupa zilizoandikwa wati 600 ziacheni dukani.

UPS, betri ya kushikilia umeme unapokatika, ni sehemu ya kompyuta. Soma wati, usisome VA peke yake: iliyoandikwa 650VA mara nyingi haifiki wati 400. Lengo ni kupata dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Kwa sisi wa Dar, Tanga na Mombasa, chagua kasha lenye wavu mbele na vichujio vya vumbi vinavyotoka, uvioshe. Kasha la kioo kitupu mbele hupendeza, ila hewa itapita wapi?

MASWALI

Mwanachama, Mombasa: Mimi hupiga kwa simu pekee, video fupi za mtandaoni. Nahitaji haya yote kweli?

Jibu: La, ndugu yangu. Faili za simu kwa kawaida ni 4:2:0, hata Intel ya kizazi cha 8 yenye RAM GB 16 itakuhudumia. Tatizo la simu ni kasi ya fremu inayobadilikabadilika. Sauti huanza kuachana na midomo. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, chagua kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo uhariri.

Mwanachama, Mwanza: Mkuu, nimeshanunua Xeon kama yako, na pesa imekwisha. Nifanyeje?

Jibu: Pole, usiiuze kwa hasara. Tengeneza proksi: nakala nyepesi za klipu zako, kwa DNxHR LB (kodeki rahisi kuhariri), ukubwa nusu ya HD. Iache mashine izitengeneze usiku, asubuhi hariri kwa proksi, na mwisho programu itarenda kwa faili halisi. Mimi nilimaliza ile send-off kwa njia hiyo. Xeon yako kwenye kurenda bado ina msaada.

Mwanachama, Arusha: Nachora majengo kwa Blender, video ni kidogo. Mpangilio ni huohuo?

Jibu: Hapana, kwako unageuka. Cycles, injini ya kurenda ya Blender, hurenda kwa kadi, hivyo anza na kadi, na uangalie kumbukumbu yake kabla ya kasi. Jengo lenye miti na samani nyingi linajaza GB 8 upesi. GB 12 au 16 ndiyo iwe shabaha, prosesa ya kawaida itatosha.

Mwanachama, Morogoro: Nimekuta i5-12400F kwa bei nzuri, na RTX 3060 ninayo tayari. Umesema F haifai?

Jibu: Sikusema haifai, dada. MediaInfo inakwambiaje?

Mwanachama, Morogoro: HEVC, 4:2:0, biti 8.

Jibu: Basi kadi yako inazifungua hizo bila shida. Chukua F, na ile tofauti ya bei ongezea kijiti cha pili cha RAM.