Kubuni silaha yako kwenye Dungeons & Dragons: anza na umahiri, dadu baadaye

Silaha nyingi zinazobuniwa mezani kwa mchezo huu wa kuigiza wahusika huharibika mapema kwa sababu mbunifu ameanza na dadu ya madhara. Dadu ndiyo sehemu rahisi. Thamani ya silaha iko kwenye mambo mawili: nani ana umahiri nayo, na sifa zipi zimeandikwa mbele ya jina lake. Mwongozo huu unafuata kanuni za toleo la 5 la mwaka 2014, ambalo bado linachezwa sana. Toleo la 2024 limeguswa mwishoni.

Umahiri unakupa nini hasa

Ukishambulia, unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha Nguvu (au Wepesi, kwa silaha za mbali), kisha kama una umahiri na silaha ile unajumlisha nyongeza ya umahiri. Nyongeza hiyo ni +2 ngazi ya 1 hadi 4, +3 ngazi ya 5 hadi 8, +4 ngazi ya 9 hadi 12, +5 ngazi ya 13 hadi 16, na +6 kuanzia ngazi ya 17. Haiingii kwenye madhara hata kidogo. Hapa ndipo wageni hukosea kila wiki: wanaijumlisha mara mbili, kwenye shambulio na kwenye madhara, halafu msimamizi wa mchezo anashangaa kwa nini maadui wake wanaanguka upesi.

Asiye na umahiri haadhibiwi. Anakosa nyongeza tu. Kwenye toleo la kwanza la Advanced, tawi la zamani la mchezo huu, mpiganaji alitolewa -2 kwa silaha asiyoijua na mchawi -5. Toleo la mwaka 2000 lilitoza -4 kwa kila mtu. Leo hakuna makato, na jambo hilo lina matokeo ambayo wengi hawayatarajii.

Chukua kasisi wa ngazi ya 1 mwenye Nguvu 16, yaani +3, ambaye ana umahiri na silaha za kawaida tu. Adui ana kinga 15, yaani namba ambayo jumla ya shambulio lazima iifikie. Akishika mkuki kwa mikono miwili (1d8, yaani dadu moja ya pande 8) ana +5, anahitaji kupata 10 au zaidi, sawa na asilimia 55. Wastani wa madhara ni 7.5, kwa hiyo kila shambulio lina thamani ya kama 4.1. Akiokota shoka kubwa (1d12) asilolijua, ana +3, anapata mara 45 katika 100, lakini wastani wa madhara ni 9.5: kila shambulio ni kama 4.3. Silaha asiyoijua imeizidi anayoijua, hata kabla ya kuhesabu pigo la 20, ambapo dadu za madhara hurushwa maradufu. Sasa mpeleke kasisi huyo ngazi ya 17, Nguvu 20, adui mwenye kinga 19. Mkuki unapata asilimia 65 na kutoa 6.2 kwa shambulio. Shoka linapata asilimia 35 na kutoa 4.0.

Kwa hiyo ngazi za chini umahiri ni kizuizi chepesi mno. Usijiambie kwamba silaha yako kali haina neno kwa sababu "hakuna anayeijua". Mchezaji ataishika hivyo hivyo, na hesabu itampa haki.

Kawaida au ya kivita

Kila silaha mpya iingie kwenye kundi mojawapo kati ya haya mawili. Usifufue kundi la tatu la silaha za kigeni. Kundi hilo lilimlazimisha mchezaji kulipa kipaji kizima (uwezo maalumu ambao mhusika huupata mara chache) ili ashike kitu kinachozidi upanga mrefu kwa pointi moja, na silaha zilibaki kwenye karatasi bila kushikwa.

Kipimo ni hiki. Silaha ya kawaida ya mkono mmoja haivuki 1d6, na ya mikono miwili ya kupigania karibu haivuki 1d8. Ya kivita ya mkono mmoja inafika 1d8, na ya mikono miwili inafika 1d12 au 2d6. Ikivuka mpaka wa kundi lake, ihamishe kundi au ipunguze.

Anza na silaha iliyopo

Kabla ya kubuni chochote, tafuta kwenye jedwali la silaha la kitabu cha mchezaji silaha inayofanya kazi ileile, ubadilishe jina tu. Mara nyingi kazi inaishia hapo, na ndiyo kazi bora kuliko zote kwa sababu mizani imeshapimwa.

Mfano mzuri ni silaha za kwetu. Wengi wakisikia rungu wanafungua mstari wa gongo: 1d4, nyepesi, haina kurusha. Lakini rungu la Wamaasai ni dogo, lina kichwa kizito, na hurushwa. Shuka mistari michache ukute nyundo nyepesi: 1d4 ya kuponda, nyepesi, ya kurusha futi 20/60, ratili 2, sarafu 2 za dhahabu, silaha ya kawaida. Hiyo ndiyo rungu, bila kubadilisha namba hata moja. Sime ni upanga mfupi: 1d6, nyepesi, yenye ustadi (mchezaji achague Nguvu au Wepesi), ya kivita. Kwa kuwa sime hukata na kuchoma, mwachie mchezaji achague aina ya madhara kila anaposhambulia. Upanga uliopinda una jina lake la zamani, kitara, na mstari wake upo tayari.

Panga ndilo linalosumbua. Ukiliweka kwenye 1d6 ya kukata, nyepesi, la kawaida, umepata kishoka kisichorushwa, na kishoka chenyewe ni 1d6, nyepesi, cha kurusha, cha kawaida. Mchezaji makini atachukua kishoka kila siku. Dawa yake si kupandisha dadu. Lipe panga kazi ya nje ya vita: mwenye umahiri nalo anafyeka njia msituni bila mwendo wa kundi kupungua. Hesabu ya mapigano haiguswi, na silaha inapata sababu ya kubebwa.

Aina ya madhara, yaani kukata, kuchoma au kuponda, ibadilishe kwa uhuru. Ni karibu bure. Tofauti huonekana mara chache, kwa mfano kwa mifupa inayotembea, ambayo huumia maradufu ikipondwa. Kupaka fedha pia hakuhitaji kubuniwa: ni sarafu 100 za dhahabu kwa silaha moja.

Sifa ndizo zenye bei

Soma sifa kama kulabu. Kila moja hushika kanuni nyingine iliyo mbali na jedwali la silaha, na hapo ndipo mambo huharibika.

Neno "nzito" linaonekana kama mzigo, kwa sababu wahusika wadogo wa mwili hushambulia nayo kwa shida. Lakini kwenye toleo la 2014 linafungua kipaji kinachopunguza 5 kwenye shambulio na kuongeza 10 kwenye madhara. Silaha nzito ya 1d8 yenye kipaji hicho inaizidi mbali 1d12 isiyo nzito. "Nyepesi" inafungua shambulio la mkono wa pili. "Ustadi" inafungua pigo la kuvizia la mwizi. "Mkono mmoja" inaacha nafasi ya ngao, yaani kinga +2, na kumpa mpiganaji mwenye mtindo wa silaha moja madhara +2. Urefu wa kufikia unamruhusu mtu kupiga akiwa futi 10, kisha kuondoka bila adui wa kawaida kupata nafasi ya kumpiga anapogeuka.

Tuchukue ombi moja ambalo wasimamizi hukutana nalo sana: upanga wa mnyororo. Mchezaji anataka 1d8, ustadi, urefu wa kufikia, mkono mmoja. Yeye ni mpiganaji mwenye Wepesi 18 (+4), ngao, na mtindo wa silaha moja.

Pima dhidi ya jamaa zake wawili jedwalini. Mjeledi ndio pekee wenye ustadi na urefu kwa pamoja: 1d4, hivyo 2.5 + 4 + 2 = 8.5. Silaha ya mpini mrefu yenye bapa la kisu ni 1d10, nzito, mikono miwili: 5.5 + 4 = 9.5 kwa mwenye Nguvu 18, maana haina ustadi, na bila ngao. Upanga wa mnyororo unatoa 4.5 + 4 + 2 = 10.5, na ngao iko mkononi. Umeizidi silaha ya mikono miwili kwa madhara na kwa kinga kwa wakati mmoja. Ukataliwe hivyo ulivyo.

Wengi hapo hushusha dadu hadi 1d6. Hapo bado ni 9.5 pamoja na ngao, kwa hiyo tatizo limepungua pointi moja tu. Kinachouzidisha ni mkono wa pili. Mwachie mchezaji 1d8 yake, ushike mkono:

Upanga wa mnyororo: silaha ya kivita, 1d8 ya kukata, ustadi, urefu wa kufikia, mikono miwili, ratili 5, sarafu 25 za dhahabu. Si nzito.

Sasa ni 8.5, pointi moja chini ya silaha ya mpini kwa malipo ya ustadi, na kipaji cha silaha nzito hakiguswi. Mwenye mjeledi anabaki na ngao yake. Mwizi hana umahiri na silaha hii, ila pigo la kuvizia halidai umahiri, hivyo ategemee kukosa nyongeza ya umahiri mpaka ajifunze.

Kuna mambo matatu ya kukataa bila mjadala mrefu: +1 ya bure isiyo ya uchawi, pigo la maradufu kwa 19 na 20, na shambulio la ziada lililofungwa kwenye silaha. La tatu ndilo baya zaidi, maana linazidisha kila nyongeza nyingine mhusika aliyo nayo.

Kujifunza silaha mpya

Kitabu cha mchezaji cha 2014 kinatoa mafunzo ya siku 250, sarafu 1 ya dhahabu kwa siku, kwa lugha na vifaa. Silaha hazimo. Kwa silaha kuna kipaji kinachotoa nne kwa pamoja, ambacho ni bei kubwa kwa anayetaka moja. Kanuni ya mezani inayofaa ni mwalimu aliye hai ndani ya hadithi, wiki 10, na sarafu 1 kwa siku. Baada ya wiki 5 mpe nusu ya nyongeza, ukikata sehemu: ngazi ya 1 hadi 8 hiyo ni +1. Andika tarehe ya mchezo kwenye karatasi ya mhusika siku anapoanza, la sivyo kila kikao kitaanza na ubishi wa siku zilizopita.

Ukicheza toleo la 2024

Kila silaha sasa ina mbinu moja kati ya nane, na inatumiwa na wale tu waliopewa na tabaka lao (aina ya mhusika, kama mpiganaji au mwizi) au na kipaji, kwa mfano mpiganaji anaanza na silaha tatu. Chukua mbinu ya silaha mama, yaani ile ya jedwalini uliyoanzia. Rungu inarithi ya nyundo nyepesi, inayoingiza pigo la mkono wa pili ndani ya shambulio lenyewe na kukuachia kitendo cha ziada. Upanga wa mnyororo unarithi ya mjeledi, inayompunguzia adui mwendo wa futi 10.

Kisha ijaribu silaha kwa vikao vitatu kabla ya kuiandika kwa wino, na umweleze mchezaji siku ya kwanza kabisa kwamba namba zinaweza kubadilika. Kwenye kila pambano weka alama mbili: mara ngapi alichagua silaha hii akiwa na nyingine mkobani, na mara ngapi mchezaji mwingine aliiomba. Ikiombwa na wote, toa sifa moja. Isiposhikwa na mtu, rudi kwenye jedwali ubadilishe silaha mama kabla hujagusa dadu.