Faili la zamani la Excel limegoma kufunguka? Usilibadilishe jina, fanya hivi

Korosho zikianza kudondoka huku Masasi, makatibu wa vyama vya msingi nao wanaanza kuja na flashi zao, na karibu kila mmoja ana faili moja la kale ambalo ndo limebeba kila kitu: majina ya wakulima, kilo za kila mtu, madeni ya salfa (dawa ya mikorosho), nani kalipwa nani bado. Stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, ilianza kwenye korosho huku Mtwara msimu wa 2007/2008, na Excel 2007 iliyoleta mafaili ya xlsx ilitoka mwaka huohuo, ila mashine tulizokuwa nazo zilibaki na Excel 2003 kwa miaka kibao, kwaiyo vitabu vya mwanzo viko kwenye xls, ile fomati ya zamani ya Excel. Mzee akija kudai kilo zake za zamani ushahidi ni hilo faili, ndo maana naomba sana tulishike kwa adabu.

Cha kwanza kabisa ni kukopi. Usilifungue faili likiwa ndani ya flashi, lihamishie kwenye mashine kwanza, afu tengeneza kopi ya pili uipe jina lenye neno ASILI na hiyo usiiguse tena mpaka kazi iishe. Umeme ukikatika unasevu moja kwa moja kwenye flashi, faili linaweza kuharibika kabisa. Na kama ukichomeka flashi unaona shotikati tupu usiifomati jamani, mara nyingi mafaili yapo, kirusi kimeyaficha tu. Fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), kama flashi yako ni E andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo, mafaili yatarudi kuonekana, zile shotikati usizibonyeze, scan flashi na antivirusi ndo uendelee.

Sasa kosa ninaloliona kila msimu. Mwaka jana alinijia mjomba mmoja katibu, faili halifunguki, Excel inasema fomati siyo sahihi. Kumbe kijana aliyemsaidia alifuta xls mwisho wa jina akaandika xlsx akidhani ndo kulibadilisha. Hiyo ni sawa na kubandika lebo ya korosho kwenye gunia la ufuta, ndani bado ni ufuta. Nilirudisha jina la mwanzo likafunguka palepale na kilo zote zipo, mjomba alikaa chini akashusha pumzi.

Kwaiyo kabla ya yote jua ndani kuna nini. Lifungue kwa Notepad uangalie herufi za mwanzo tu, usisevu chochote. Ukiona PK hilo ni xlsx hata kama jina linasema xls. Ukiona alama za ajabuajabu zinazoanza na ÐÏ hilo ni xls ya kweli. Ukiona html au table, basi hilo ni ukurasa wa wavuti uliovalishwa jina la xls, mifumo mingi ikitoa ripoti inafanya hivyo na Excel inakuonya kwamba jina na fomati havilingani, kama unajua limetoka wapi kubali tu litafunguka. Na ukiona maneno na namba zimetenganishwa kwa mkato hiyo ni CSV.

Kama ni xls ya kweli na una Excel ya kisasa, fungua, juu utaona Compatibility Mode, nenda File, Save As, chagua Excel Workbook. Pale kwenye Info kuna kitufe cha Convert, mi sikipendi kwa sababu kinaliondoa lile la zamani na kuweka jipya mahali pake, Save As inakuachia yote mawili. Faili lenye makro (amri zilizowekwa ndani zinazofanya kazi zenyewe) lisevu kama xlsm, ukiweka xlsx makro zinafutika. Faida ya kuhama ni nafasi, xls mwisho mistari 65,536 na safu 256, xlsx inafika mistari 1,048,576, kwaiyo hata ukiunganisha misimu yote ya chama kwenye shiti moja haijai.

Likigoma kwa sababu Excel imelizuia, hiyo inatokea kwa mafaili ya kale zaidi ya Excel 97, ipo sehemu ya kuruhusu: File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, File Block Settings. Ila mi siku hizi sihangaiki huko, naweka LibreOffice, programu inayofungua mafaili kama Excel. Ni ya bure, ukishaidaunilodi mara moja haihitaji bando tena, na inafungua vitu ambavyo Excel ya sasa imeviacha kabisa kama mafaili ya Lotus 1-2-3 yanayoishia wk1, yale ya Quattro Pro na ya Microsoft Works. Ukiwa na folda nzima la mafaili funga LibreOffice, ingia kwenye folda kwa Command Prompt, andika

"C:\Program Files\LibreOffice\program\soffice.exe" --headless --convert-to xlsx --outdir mpya *.xls

na yote yatatoka kwenye folda jipya linaloitwa mpya, ya zamani yanabaki yalivyo.

Hapa sasa ndo pa kutulia, maana faili kufunguka siyo mwisho wa kazi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Ukifungua CSV ya wanachama kwa kubonyeza mara mbili utaona kitu kama 1.98E+19, ukisevu hapo tarakimu tano za mwisho za kila mkulima zimeenda na hazirudi, hata ukipanua safu hazirudi. Namba za simu nazo zinapoteza sifuri ya mbele. Dawa yake ni kufungua CSV kwa LibreOffice, kile kidirisha kikitokea bonyeza safu ya NIDA, chagua Text, fanya hivyo kwa simu pia, ndo ukubali. NIDA iliyoandikwa na vistari vyake haina shida, inasomwa kama maandishi.

Tarehe ni mtihani mwingine. Mashine iliyosetiwa Kimarekani ikisoma 03/11/2008 kutoka kwenye CSV inadhani ni tarehe 11 mwezi wa tatu, wakati korosho ilipokelewa ghalani Novemba. Utajua kwa kuangalia zile zenye siku zaidi ya 12, zitakuwa zimeng'ang'ania upande wa kushoto wa seli kama maandishi. Badilisha mipangilio ya mashine iwe siku kwanza, afu ifungue upya ile CSV ya mwanzo, usirekebishe moja moja kwa mkono utachanganya. Na kama ulikopi kutoka faili lililotengenezwa kwenye Mac ya zamani ukakuta kila tarehe imehama miaka minne na siku moja, hizo ni siku 1,462, faili hilo linahesabu kuanzia 1904, angalia Options, Advanced, neno 1904 date system.

Faili lililoharibika kweli, kwenye Excel nenda Open, lichague, bonyeza kimshale pembeni ya kitufe cha Open, chagua Open and Repair, jaribu Repair kwanza, ikishindikana Extract Data. Nimeshaona mafaili Excel imeyakataa kabisa na LibreOffice ikayafungua, kwaiyo jaribu zote kabla hujakata tamaa.

Mwisho hesabu. Andika kwenye karatasi idadi ya wakulima na jumla ya kilo kutoka faili la zamani, linganisha na jipya. Kilo moja ikipungua usikabidhi, tafuta ni mstari gani, mara nyingi utakuta namba iliyoandikwa kama maandishi ambayo SUM (fomula ya kujumlisha) inairuka. Likilingana ndo umpe katibu, na lile la ASILI mkabidhi pia kwenye flashi yake nyingine.