Somo: Kupiga picha za magari ya kale ya Kimarekani yakiwa mwendoni

Gari kama Pontiac GTO ya 1964 au Dodge Charger ya 1968 likipigwa picha kwa shata ya 1/1000 (yaani lenzi hupitisha mwanga kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde) huonekana kama limeegeshwa katikati ya barabara, kwa sababu hata ringi zake zimeganda. Dawa yake ni kulifuata gari kwa kamera, ili bodi itulie na mandhari ya nyuma ifutike. Mahali pazuri pa kujizoeza ni Woodward Avenue, kaskazini mwa Detroit, ambako msafara wa magari ya kale uitwao Dream Cruise ulianza mwaka 1995 na hufanyika mwezi wa Agosti, magari yakipita taratibu.

Hatua ya kwanza: Simama mahali ambapo gari litakupita ubavu, kisha utazame kilichoko ng'ambo. Miti yenye kivuli hufutika vizuri, ilhali mabango meupe huacha michirizi juu ya paa la gari.

Hatua ya pili: Weka ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na fokasi ya kufuatilia mfululizo, anza na shata ya 1/125, kisha ushuke hadi 1/60. Gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa husogea takriban sentimita 18 katika 1/60 ya sekunde, na ukingo wa tairi huzunguka umbali huohuo, kiasi cha kuzifuta spoki. Kwa 1/500 ni sentimita 2 tu.

Hatua ya tatu: Elekeza miguu pale utakapobonyeza, wala si kule gari linakotoka, kisha upinde kiuno ulipokee likiwa bado mbali. Chagua alama moja, mathalani kitasa cha mlango, na usiiachie. Kadiri gari linavyokukaribia ndivyo kiuno kinavyopaswa kugeuka upesi zaidi. Bonyeza kwa ulaini linapokuwa mbele yako, na uendelee kulifuata hata baada ya shata kufunga, kwani kusimamisha mikono wakati wa kubonyeza huharibu picha nyingi kuliko kamera duni.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona pua ya gari imetulia lakini mkia una ukungu?

Jibu: Dodge Charger ya 1968, kwa mfano, ina urefu wa karibu mita 5.3. Ukisimama karibu mno, pua na mkia hupita mbele ya lenzi kwa kasi zisizolingana. Rudi nyuma, utumie lenzi ya milimita 135 au 200.

Swali: Nikishuka hadi 1/30 mchana, picha inakuwa nyeupe mno. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, funga tundu la lenzi hadi f/16 au f/22, na isipotosha, weka filta ya kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Mimi hupendelea kusubiri jua la jioni, ambalo pia huing'arisha kromu ya bampa.

Swali: Kitulizi cha lenzi, kile kinachopunguza mtikisiko wa mikono, nikizime?

Jibu: Kama kina hali ya kutuliza mtikisiko wa juu na chini pekee, itumie hiyo. Kama hakina, kizime, kwa maana huenda kikashindana na mgeuko wako.