Namna ya kupima mchango wa jiografia katika pato la mtu mikoani Tanzania

Andaa takwimu za pato la mkoa kutoka Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), idadi ya watu, na programu ya majedwali kama Excel. Mikoa ya Bara ni 26, basi jedwali lako litakuwa na mistari 26.

Gawa pato la mkoa kwa idadi ya watu wa mwaka uleule. Wengi huharibu hapa: pato la 2022 wanaligawa kwa watu wa sensa ya 2012, na mkoa uliojaa wahamiaji unaonekana tajiri kuliko ulivyo. Jibu ligawe kwa wastani wa Bara, zidisha kwa 100. Mkoa wenye 60 uko asilimia 40 chini ya wastani. Ukirudi miaka ya nyuma, angalia mipaka: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu ilianzishwa 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya 2016.

Sasa ongeza safu za jiografia: mvua ya mwaka kwa milimita, mwinuko wa maeneo yanayolimwa, umbali hadi bandari iliyo karibu (Tanga na Mtwara usizisahau), na uwepo wa mgodi mkubwa, 1 au 0. Umbali uhesabu kwa barabara. Ukipata saa za lori ni bora zaidi, kwa sababu kilomita 100 za udongo wakati wa masika si sawa na kilomita 100 za lami.

Mvua peke yake hudanganya, na Kagera ndiyo ushahidi. Bukoba hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, lakini mkoa uko miongoni mwa wenye pato dogo kabisa la mtu. Mashamba ni madogo, ndizi nyingi huliwa nyumbani, na mzigo unaokwenda Dar es Salaam husafiri takribani kilomita 1,400. Nauli hiyo hukatwa kwenye bei anayolipwa mkulima. Iringa iko takribani kilomita 500 tu, kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, na mahindi, viazi na mbao zake hufika sokoni kwa gharama nafuu. Hata hivyo Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi, kwa hiyo weka pia safu ya umbali hadi mpakani.

Kupima uhusiano wa pato la mtu na kila safu ya jiografia, weka vichwa kwenye mstari wa 1, pato la mtu safu B na jiografia unayopima safu C, kisha andika =CORREL(B2:B27,C2:C27). Jibu huwa kati ya -1 na 1; likikaribia 0, uhusiano ni dhaifu. Kwa umbali hadi bandari tarajia alama ya kutoa, yaani umbali ukiongezeka pato hupungua. Kwa mikoa 26, jibu lililo kati ya -0.4 na 0.4 linaweza kuwa la bahati tu. Rudia bila Dar es Salaam: mkoa mmoja wenye pato kubwa na umbali sifuri unaweza kuvuta hesabu nzima.

Mikoa ya migodi ichunguze kando. Dhahabu ya Geita huhesabiwa Geita inakochimbwa, ila faida ya mgodi hailali kwenye kaya za hapo. Linganisha na viwango vya umaskini vya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18. Pato likiwa juu na umaskini nao uko juu, usiseme jiografia imewatajirisha wakazi.

Mwisho, shuka hadi wilaya. Wastani wa Kilimanjaro unachanganya miteremko ya Rombo yenye kahawa na migomba na tambarare kame za Same.